Asilimia mbili ya mgeni: Jinsi Kenya ilivyojenga shule ya ukarimu

Ukila katika hoteli ya Nairobi, Naivasha au Diani kisha ukaitisha bili, huenda ukaona chini ya bei ya chakula mstari mfupi usiosomwa na wengi. Ni tozo ya utalii, asilimia mbili. Kwa bili ya shilingi 1,000, tozo hiyo ni shilingi 20 tu. Hata hivyo, mstari huo una historia ya zaidi ya miaka 50. Ndio ulioitoa kazi ya kuhudumia wageni katika hali ya kufundishwa kwa kelele jikoni, ukaifanya taaluma yenye darasa, mtihani na cheti.

Ukarimu wenyewe ni wa zamani kuliko hoteli. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu, alikuta utaratibu kamili wa kupokea wageni. Kila mfanyabiashara aliyeshuka melini alichukuliwa na mwenyeji wake mjini, akalala kwake na kufanya biashara kupitia kwake. Yeye, akiwa mwanachuoni, alikirimiwa na sultani. Aliandika kwamba aliletewa wali uliopikwa kwa samli pamoja na kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili pamoja na tangawizi na maembe. Kutoka huko aliendelea hadi Mombasa na Kilwa. Watu wa mwambao walijua tangu hapo kwamba kumpokea mgeni vizuri ni ustaarabu na pia ni riziki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtumishi asiyeruhusiwa kuwa mgeni

Hoteli kwa maana tunayoijua leo zilifuata reli. Njia ya reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka mitatu baadaye ikaanzishwa Stanley, na mwaka 1904 Norfolk ikafungua milango yake kwa walowezi na wawindaji. Mwaka 1932 Treetops ilijengwa juu ya mti katika misitu ya Aberdare, na katika muongo huohuo Malindi ikapata hoteli zake za ufuoni.

Katika hoteli hizo kazi ziligawanywa kwa rangi. Meneja alikuwa Mzungu. Vitabu vya hesabu mara nyingi vilikuwa mikononi mwa Wagoa na Wahindi. Mwafrika alivaa kanzu nyeupe, mshipi kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani, akabeba sinia na kuitwa “boi” hata akiwa na wajukuu. Kwa miaka mingi aliingia hoteli kubwa za Nairobi kama mtumishi tu. Kuketi mezani kama mgeni hakukuruhusiwa.

Hakukuwa na shule ya kazi hiyo. Kijana alitazama mkubwa wake akikunja shuka, akaiga. Akikosea alifokewa, akipatia hakuambiwa neno. Wapishi hodari walitokea kwa njia hiyo, na wapo waliopika vyakula vya Kifaransa bila kusoma kitabu chochote. Lakini ujuzi wao haukuandikwa popote, na kwa kuwa hawakuwa na cheti, hakuna aliyewafikiria walipotafutwa mameneja.

Vitanda vyazidi wajuzi

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na ndege za jeti zikafupisha safari kutoka Ulaya. Baada ya uhuru wa 1963, serikali ya Kenya iliona kwamba wanyama na fukwe vingeweza kuleta fedha za kigeni bila kusubiri viwanda. Mwaka 1965 liliundwa shirika la umma la kukuza utalii, na hoteli zikaanza kuota mjini, mbugani na ufuoni. Hilton ya Nairobi, yenye mnara wake wa mviringo, ilifunguliwa mwaka 1969.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Vitanda viliongezeka haraka kuliko watu wa kuvisimamia. Wakati huohuo, sheria ya uhamiaji ya 1967 ilidai kazi wapewe Wakenya, na kila mgeni aliyefanya kazi nchini awe na kibali. Wenye hoteli walijibu kwamba hawakupata Wakenya waliosomea uongozi wa hoteli. Walisema kweli, maana nafasi ya kusoma haikuwapo.

Serikali ingeweza kutegemea misaada peke yake, au kukata fungu katika bajeti iliyokuwa ikigombewa na shule, hospitali na barabara. Ilichagua njia nyingine. Sheria ya hoteli na mikahawa ya mwaka 1971 ilifungua mlango wa kutoza asilimia mbili ya mauzo ya hoteli na mikahawa, na mwaka 1972 ikaundwa bodi ya wadhamini wa kukusanya na kusimamia fedha hizo. Mantiki yake ilikuwa wazi: sekta inayonufaika na kijana mwenye ujuzi ndiyo imsomeshe. Mtalii anayefurahia chakula kilichoandaliwa vyema anachangia, bila hata kujua, masomo ya mpishi wa kesho.

Shule yenye hoteli yake

Mshirika aliyepatikana alikuwa Uswisi, nchi yenye desturi ndefu ya elimu hiyo. Shule ya hoteli ya Lausanne ilianzishwa mwaka 1893, na masomo yake ya kwanza yalitolewa ndani ya hoteli. Kwa makubaliano ya serikali hizo mbili, Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1975 kando ya barabara ya Thika, Nairobi. Walimu wa Uswisi walianza, na Wakenya waliandaliwa kuchukua nafasi zao.

Nguvu ya chuo hicho ilikuwa Hoteli ya Utalii, iliyojengwa papo hapo chuoni. Wanaolala humo ni wageni wa kweli, wanaolipa na wanaolalamika supu ikija baridi. Asubuhi mwanafunzi anafundishwa darasani jinsi ya kuhesabu gharama ya sahani moja. Adhuhuri yuko jikoni akiipika. Jioni anaipeleka mezani na kuusoma uso wa anayekula. Kozi zilipangwa kufuata idara za hoteli yenyewe: upishi, huduma ya vyakula na vinywaji, utunzaji wa vyumba na udobi, mapokezi, kuongoza watalii, na shughuli za usafiri. Juu ya hizo ikawekwa stashahada ya miaka minne ya usimamizi wa hoteli, ambayo mwanafunzi wake hupitia pia kazi za chini. Atakayekuwa meneja sharti ajue kutandika kitanda.

Wanafunzi walitoka pia katika nchi nyingine za Afrika. Wahitimu walienea katika hoteli za mwambao na kambi za Maasai Mara, wengine wakavuka hadi Ghuba. Katika nyumba nyingi za Kenya, kusema kwamba kijana “amesoma Utalii” kulitosha kumtambulisha.

Mabadiliko ya mwaka 1977 yaliongeza haja ya elimu hiyo. Mwaka huo Kenya ilipiga marufuku uwindaji, bunduki ikaipisha kamera. Mwindaji alihitaji mtu wa kufuata nyayo. Mpiga picha alihitaji mtu wa kumweleza jina la ndege, tabia ya simba na maisha ya wenyeji. Kazi ya kuongoza watalii ikawa kazi ya maarifa, na mwaka 1996 waelekezi waliunda chama chao chenye mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu.

Mjadala wa Dar es Salaam

Upande wa pili wa mpaka, swali liliulizwa kwa namna nyingine. Tanzania ilikuwa na chuo cha wanyamapori cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tangu 1963. Lakini baada ya Azimio la Arusha, wasomi vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kama taifa la ujamaa linafaa kujenga hoteli za kuwahudumia matajiri wa nje. Mjadala huo uliendeshwa magazetini mwaka 1970, na mwaka 1973 Issa Shivji akauhariri kuwa kitabu. Hofu yao ilikuwa kwamba utumishi wa kikoloni ungerudi kwa mlango wa nyuma.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na haijaisha. Kijana anayepewa sare bila elimu, mshahara wa maana wala njia ya kupanda cheo hana tofauti kubwa na yule wa tarbushi. Kinachomtofautisha ni kusoma kazi yake kiasi cha kuweza kuiongoza. Kwa sababu hiyo mafunzo ni suala la heshima ya mfanyakazi kama yalivyo suala la biashara.

Miaka ya ukame, na Pwani inayosubiri

Tozo inayotegemea mauzo hukauka mauzo yakikauka. Ghasia za Likoni mwaka 1997, mlipuko wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998, shambulio la Kikambala mwaka 2002 na fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 zilitikisa sekta nzima. Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliwaondoa watalii wao Mombasa, na hoteli kadhaa za Pwani zikafunga. Mwaka 2020 korona ilifunga karibu kila kitu. 

Sheria ya Utalii ya 2011 iliigeuza bodi ya zamani kuwa Hazina ya Utalii, na asilimia mbili ikabaki. Lakini suala la haki pia limebaki. Fukwe zilizoijaza hazina hiyo kwa miongo ziko Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu, ilhali chuo kikubwa cha taaluma hiyo pamoja na hoteli yake ya mafunzo vilikuwa Nairobi. Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala, kilichopewa jina la mwanasiasa huyo wa Pwani aliyefariki Desemba 1972, kilianza kujengwa Vipingo katika muongo wa 2010. Ujenzi ulichelewa mwaka baada ya mwaka, gharama zikapanda kwa mabilioni ya shilingi, na kamati za Bunge zikauliza maswali. Katika miaka hiyo yote, kijana wa Kilifi aliyemaliza kidato cha nne aliendelea kuuza vinyago ufuoni, mbele ya hoteli ambayo hakuwa na cheti cha kumwingiza kazini.

Waliotunga tozo hii walitupa wazo zuri: fedha za mgeni zimsomeshe mwenyeji. Wajibu wetu ni kulitimiza mpaka mwisho. Hazina ya Utalii iwaeleze wananchi kila mwaka, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, ni vijana wangapi imewasomesha na wanatoka kaunti zipi. Chuo cha Vipingo kipewe walimu, karo nafuu na hoteli yake ya mafunzo. Na jikoni mwake samaki wa kupaka, wali wa nazi na mahamri kwa mbaazi vifundishwe kwa uzito uleule wa vyakula vya Ulaya, kwa kuwa anayesafiri kuja Pwani anastahili kuonja Pwani. Nawe msomaji, ukipata bili yako, usome mstari ule wa asilimia mbili. Ni fedha zako, na una haki ya kuuliza zimemsomesha nani.