Neno la siku: Desturi ya Herrnhut iliyovuka bahari hadi Rungwe

Jioni ya Mei 3, 1728, waumini wa kijiji kichanga cha Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, walikusanyika kuimba kama ilivyokuwa kawaida yao. Kabla hawajaagana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila kijana aliyewapa ardhi ya kuishi, aliwapa neno fupi la kutafakari siku inayofuata. Lilikuwa fupi kiasi kwamba hata mtoto angelishika kabla ya kulala. Tangu jioni hiyo neno la siku halijakoma, na leo linasomwa katika lugha zaidi ya 50.

Ili kuelewa kwa nini jambo dogo hivyo lilishika mizizi, inabidi tujue hali ya kijiji chenyewe. Herrnhut ilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi kutoka Moravia, sehemu ya Jamhuri ya Cheki ya leo. Wengi walikuwa warithi wa imani ya Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415, na kwao walikuwa wakiteswa kwa ajili ya imani hiyo. Baadaye wakajiunga nao watu wa makundi mengine, kila mmoja na mafundisho yake. Haukupita muda mrefu ugomvi ukaingia. Watu waliokimbia mateso pamoja wakafika mahali pa kutosalimiana.

Mei 1727 walikubaliana kanuni za kuishi kindugu. Agosti 13 mwaka huohuo, katika ibada ya Meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf, walipatana kwa namna ambayo Wamoraviani, yaani kanisa lililotokana nao, wanaiadhimisha duniani kote hadi sasa. Siku chache baadaye walianza zamu za maombi, saa baada ya saa, mchana na usiku, na inasimuliwa kwamba zamu hizo ziliendelea kwa takriban miaka 100.

Neno lililobisha hodi

Kwa hiyo neno la siku lilikuja kwa watu waliotoka tu kupatana, na liliwasaidia kuulinda upatanisho wao. Kila asubuhi ndugu waliopewa kazi hiyo walizunguka nyumba za kijiji, zilizokuwa kama 32, wakabisha hodi na kulitaja neno. Pia walijua hali ya nyumba: nani mgonjwa, nani amevunjika moyo, nani hasemi na nani. Naamini nguvu ya desturi hii ilikuwa hapo. Biblia haikusomwa kwa upweke. Ilifika mlangoni ikiwa imebebwa na ndugu aliyekuwa tayari kukusikiliza.

Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kitabuni kwa mara ya kwanza. Kitabu hicho, Losungen kwa Kijerumani, kimetoka kila mwaka tangu wakati huo, vita kwa amani. Mwaka uliofuata, 1732, Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi kuwahubiria Waafrika waliokuwa watumwa huko. Mwaka 1733 wengine walikwenda Greenland. Barua zilichukua miezi mingi kuwafikia, lakini neno la siku liliwaunganisha na wenzao waliobaki nyumbani.

Namna ya kulipata neno hilo ina mafunzo yake. Mistari ya Agano la Kale, ipatayo 1,800, hupigiwa kura huko Herrnhut, kama mitume walivyopiga kura akapatikana Mathiya. Kura hupigwa miaka mitatu kabla. Kisha kwa kila mstari uliopatikana huchaguliwa mstari wa Agano Jipya unaoendana nao, na sala au ubeti wa wimbo. Hivyo hakuna anayechagua mstari huo wa Agano la Kale ili kuwapendeza watu au kufuata habari za siku. Msomaji hukutana na neno ambalo yeye mwenyewe pengine asingelitafuta.

Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyempinga Hitler, alilisoma neno hilo hata gerezani. Julai 21, 1944, siku moja baada ya jaribio la kumuua Hitler kushindwa, alimwandikia rafiki yake akitaja jinsi alivyofurahia maneno ya siku hiyo na ya jana yake. Alinyongwa Aprili 9, 1945.

Hadi Rungwe na Urambo

Desturi hii ilifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, pamoja na wamisionari wa Kimoraviani waliofungua kituo huko mwaka 1891. Mwaka 1898 walipokea kazi ya Urambo, Unyamwezi, kutoka London Missionary Society. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, waumini wenyewe waliendelea kukusanyika, kusoma na kuomba. Baadaye Agano Jipya la Kiswahili lililotafsiriwa na mmisionari Karl Roehl lilitoka mwaka 1930, na Biblia yake nzima mwaka 1937. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji akawa askofu wa kwanza Mtanzania wa Kanisa la Moraviani. Leo Tanzania ina Wamoraviani wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Historia hii inatupa onyo na tumaini. Onyo ni kwamba mstari mmoja unaweza kugeuzwa hirizi: mtu anausoma asubuhi, anatafuta bahati yake ndani yake, kisha anausahau. Mstari wa siku unafaa kuwa mlango wa kuingilia sura nzima, ili tujue nani alisema, kwa nani na kwa nini. Na Yakobo anatuonya juu ya msikiaji asiyetenda.

Tumaini ni kwamba kukua kiroho hakuhitaji elimu kubwa wala saa nyingi. Wakimbizi waliogombana walijengwa na neno dogo, siku baada ya siku, kwa sababu walilipokea pamoja wakaruhusu liguse uhusiano wao. Sisi neno la siku hutufikia kwa simu, nasi huwatumia wengine mamia kwa mara moja. Tukimtumia jirani mstari, tumuulize pia hali yake, na tumsubiri ajibu. Tukijua ana shida, tutoke twende kumwona. Kusoma kunakotupeleka kwa ndugu tuliyekosana naye ndiko kunakotufanya tukue.