MUKIMO: VIAZI VYA KUPONDA VYENYE AFYA VILIANZA KITAMBO!

Wadau, siku hizi watu wanahangaika kupunguza siagi kwenye viazi vya kuponda. Kumbe akina mama wa Kikuyu kule Kenya walishamaliza kazi hiyo! Kabla Wazungu hawajaleta viazi mviringo mwishoni mwa karne ya 19, wao waliponda ndizi mbichi na njahi, yaani fiwi nyeusi, chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Kiazi kilipofika hawakukitegemezea maziwa na siagi. Walikitia chungu kimoja na mahindi, maharage na majani ya maboga, wakaponda. Protini na mboga, sahani moja. Ndo mukimo huo! Majina yao hayakuandikwa, ila harusi ya Kikuyu bila mukimo haijakamilika. Kwenu mnaponda na nini? Dondosha komenti.