Leseni imefungiwa, je gari bado linahitaji bima?

Ndiyo, kama linatembea barabarani. Tanzania bima inafuata gari, leseni inafuata dereva. Ukifungiwa leseni huruhusiwi kuendesha, basi. Lakini gari lako likitoka getini, hata kama usukani kashika shemeji yako, lazima liwe na bima hai.

Kiwango cha chini kinachotakiwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Kwa gari binafsi bei iliyozoeleka ni Sh100,000 kwa mwaka, ukijumlisha VAT ya asilimia 18 inafika Sh118,000. Magari ya biashara hulipa zaidi. Bima hii ni ya yule utakayemgonga: majeraha, kifo, au mali yake uliyoiharibu. Gari lako hailigusi. Ukipaki Jangwani na Msimbazi ukafurika, maji yakaingia kwenye injini, bima ndogo haitoi hata shilingi. Hapo ni bima kubwa, nayo uisome kwanza uone kama mafuriko yamo.

Ukiperuzi mtandaoni utakutana na SR-22. Hiyo ni ya Marekani: majimbo mengi humtaka dereva aliyefungiwa leseni athibitishe kwa fomu hiyo kwamba ana bima, ndipo arudishiwe. Kwetu hakuna utaratibu huo, usikubali mtu akuuzie.

Balaa lenyewe ni deiwaka. Pale Kariakoo kirikuu inaweza kubadilisha madereva watatu kwa siku, na tajiri hajui nani kati yao kafungiwa leseni. Mikataba ya bima kwa kawaida ina sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali au asiwe amezuiwa kuendesha. Deiwaka aliyefungiwa akimgonga mbeba mizigo Mtaa wa Msimbazi, kampuni ya bima inaweza kukataa madai, au ikamlipa majeruhi kisha ikamgeukia mwenye gari idai pesa yake. Stika ulikuwa nayo, ila deni la hospitali linakuja kwako. Dereva naye ana kesi yake ya kuendesha akiwa amefungiwa, na bima haiifuti.

Kama bima imeisha kabisa, sheria haimbani aliyeshika usukani peke yake. Aliyeruhusu gari litumike naye ana kosa. Kwa hiyo "mimi sikuwepo" haisaidii.

Kabla ya kumpa mtu ufunguo, omba leseni yake uione mwenyewe: haijaisha muda, na daraja linaendana na gari (D ni la magari madogo binafsi, wa abiria na mizigo mikubwa wana yao). Bima unaihakiki kwa simu. Ingia mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, andika namba ya gari, uone kama bima iko hai na inaisha lini. Kama wakala alikupa karatasi na mfumo hauioni, mrudie siku hiyohiyo na risiti yako mkononi, gari likiwa limepaki.