Difu Ikichemka: Mustang Iliyochechemea Uwanjani

Wasee, kuna sehemu ya gari ambayo hakuna mtu huipost. Turbo tunapost. Rim tunapost. Egzosti tunawekea hadi video ndio msikie vile inanguruma. Lakini difu? Ile kitu nyeusi imejaa matope, imejificha huko nyuma chini ya gari? Nani ana shughuli nayo.

Sasa leo tupige historia kidogo. Ni historia ya hiyo kitu nyeusi, na vile joto lake lilichangia kupeleka Ford mahakamani.

Twende mwanzo. Ukikata kona, tairi la nje linasafiri mbali kuliko la ndani. Kama yamefungwa kwa chuma kimoja, lazima moja liburutwe. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, ndiye alipata dawa ya hiyo shida kwenye gari la mvuke mwishoni mwa miaka ya 1820. Gia zake ziliruhusu kila tairi lizunguke kwa kasi yake na bado yote mawili yapate nguvu. Gari la petroli la Karl Benz lilikuja 1886. Kwa hivyo difu ni mzee kuliko magari yote unayoyajua.

Halafu miaka ya 1920 magari kama Packard yakaanza kutumia gia za haipoidi. Hapo shafti inayotoka mbele inaingia kwenye difu ikiwa chini kidogo ya katikati. Faida zilikuwa poa: sakafu ya gari ikashuka, kelele ikapungua, meno yakawa na nguvu. Lakini meno ya haipoidi hayabingiriki tu, yanateleza pia, yakisuguana chini ya mzigo mkubwa. Sugua viganja vyako kwa nguvu sekunde kumi. Hiyo ndiyo hesabu ya difu, ila difu inaifanya muda wote gari likitembea.

Kwa barabara ya kawaida hakuna shida. Unaenda kazini, upepo unapita chini ya gari, joto linatoka. Lakini uwanjani, ambako unakanyaga mafuta, unashika breki, unakanyaga tena, joto linaingia haraka kuliko linavyotoka. Oili inakuwa nyepesi kama maji, ule utando unaotenganisha chuma na chuma unakatika, sili zinakauka, beringi zinaanza kulia. Na dashibodi nyingi hazina taa ya difu. Haikwambii kitu.

Watu wa mashindano walijua hii zamani. Dawa yao ni rahisi kueleza. Difu nyingi hazina pampu, gia hurusha oili tu zikizunguka. Kwa hivyo unaweka pampu ndogo ya umeme, inavuta oili chini ya difu, inaipeleka kwa paipu hadi kwenye rejeta ndogo inayopata upepo, halafu inairudisha ikiwa imepoa. Unaongeza kipima joto ndio pampu iwake oili ikishapata moto. Ikiwa baridi, acha ipate joto kwanza, kwa sababu oili nzito sana pia haifanyi kazi vizuri. Basi, hiyo ndiyo kula ya difu.

Sasa tuje kwa kesi yenyewe. Mwaka 1965 Carroll Shelby, mtu aliyeshinda Le Mans 1959, alichukua Mustang ya kawaida akaigeuza mashine ya mashindano, akaiita GT350. Jina likawa kubwa. Miaka hamsini baadaye Ford wakalirudisha: Shelby GT350 mpya, injini ya V8 ya lita 5.2, nguvu farasi 526, inazunguka hadi mara 8,250 kwa dakika. Kila mtu akasema hii ni ndai ya kupeleka uwanjani.

Shida ilikuwa kwa karatasi. GT350 za modeli ya 2016 ziliuzwa kwa vifurushi tofauti. Ukichukua kile cha Track, au ukinunua GT350R, unapata kula ya giaboksi na kula ya difu. Ukichukua ile ya kawaida, au kifurushi cha Technology, hupati. Injini ni ile ile, jina ni lile lile, nyoka wa Shelby kwenye grili ni yule yule.

Wenye magari wakaenda uwanjani. Giaboksi na difu zikapata moto, na kompyuta ikafanya ilichofundishwa: ikapunguza nguvu ili chuma kisiharibike. Gari linaanza kuchechemea. Hebu jiweke hapo: uko kwenye kasi, nyuma yako kuna gari lingine linakuja, halafu lako linaishiwa pumzi.

Kwa modeli ya 2017 Ford waliweka hizo kula kwenye kila GT350. Machi mwaka huo huo, wale wa 2016 walifungua kesi kule Florida wakidai waliuziwa gari la uwanjani ambalo uwanja unalishinda. Kesi ilivutana miaka. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa bado ilikuwa inaamua ni wenye magari wa majimbo gani wanaweza kushtaki kwa pamoja, ikakubali sehemu na kukataa sehemu.

Kuna watu watasema: si kifurushi cha Track kilikuwa kwenye orodha? Ukitaka uwanja, ungelipia. Naelewa hiyo hoja, na nusu yake ni ya kweli. Lakini mimi naipinga. Ukiniuzia jina la mashindano na injini ya mashindano, kitu kinachozuia hiyo injini ijipike si urembo. Ni sehemu ya ahadi. Spika za ziada ni urembo. Kiti cha ngozi ni urembo. Kupoa si urembo.

Lakini pia tusijifanye malaika. Tunapenda kununua nguvu, hatupendi kununua uvumilivu. Binamu yangu hapa Nairobi ana Subaru. Aliweka egzosti, akaongezewa busti, akaanza kwenda zile siku za kupimana mwendo. Siku moja difu ya nyuma ikaanza kulia. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Kirinyaga Road. Mzee akafungua nati, oili ikatoka nyeusi na inametameta vipande vya chuma.

"Kijana wangu, hii oili ulibadilisha lini?"

Binamu akaniangalia. "Kwani mzee, difu hubadilishwa oili?"

Mzee hakucheka. Alipangusa mkono tu akasema, "Mnaongeza moto, hamuongezi maji." Ile difu haikupona. Pesa ya kununua nyingine ilikuwa inakaribia ile ya busti.

Hiyo kauli ilinikaa, na si kwa sababu ya magari. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia niko fiti, na hakuna taa iliyowaka mahali popote. Siku nilipoanza kuchechemea wakasema mimi ni mvivu. Kwa hivyo sikuhizi nikisoma kuhusu ile Mustang, sioni gari mbovu. Ile kompyuta ilifanya vizuri kupunguza mwendo. Makosa yalitokea mapema, mezani, pale mtu alipoamua hiyo kula inaweza kutolewa.

Kama una ndai na unapenda kuikimbiza, usikimbilie kununua kula kesho. Anza na oili: tumia ile mtengenezaji amesema, na ibadilishe mapema ukishatoka uwanjani. Halafu weka kipima joto ujue ukweli. Kipimo kikipanda kila ukienda, hapo ndipo kula inakuwa na maana, na iwekwe na fundi anayejua paipu zipite wapi ndio zisipigwe na mawe.

Na ukiongeza busti wikendi hii, kabla hujapost video ya sauti, inama chini ya gari uangalie difu kama inavuja.