Gari la zamani halitupwi Stockholm

Kampuni ya Volvo haikuzaliwa kiwandani. Ilianza katika chumba cha nyumba aliyokuwa akiishi mhandisi Gustaf Larson, mtaa wa Rådmansgatan, Stockholm. Agosti 1924 Larson alikutana na Assar Gabrielsson, mtu wa biashara kutoka kampuni ya beringi ya SKF, katika mgahawa wa Sturehof. Hapo mezani, wakila kamba wa maji baridi, wakakubaliana kuunda gari la Kiswidi. Larson alikuwa na ajira nyingine ya kumwingizia riziki, hivyo michoro ilichorwa nyumbani kwake akisaidiwa na wahandisi vijana wachache. Bodi ilibuniwa na msanii, Helmer MasOlle, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora sura za watu na mandhari. Mwaka 1926 magari kumi ya majaribio yaliunganishwa hapohapo Stockholm, na tarehe 14 Aprili 1927 gari la kwanza la kuuzwa likatoka kiwandani Göteborg. Inasimuliwa kwamba dereva alipotia gia ya kwenda mbele, lilirudi nyuma, kwa sababu ekseli ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume.

Historia ya magari ya Uswidi kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya viwanda: Volvo, Saab, Scania. Mimi naiona kwa upande wa pili, upande wa gereji ya nyumbani. Kila enzi nchi ile ilipobanwa, iwe kwa vita, umaskini, chumvi ya barabarani au sheria, aliyepata njia mapema alikuwa mtu wa kawaida mwenye spana na taa ya kuning'iniza. Hata kabla ya Volvo mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1892, kule Ystad kusini, ndugu wawili wa ukoo wa Cederholm, mmoja mpaka rangi na mwingine mhunzi, walijiundia gari la mvuke. La kwanza liliishia kwa kugonga. Wakaunda la pili.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyowafundisha Waswidi wengi kufungua mashine. Uswidi haikupigana, lakini Aprili 1940 Ujerumani ilipozivamia Denmaki na Norwei, njia ya meli kuelekea magharibi ilifungwa na petroli ikaadimika. Watu wakageukia kuni na mkaa. Tanuru la chuma lilifungwa nyuma ya gari au kwenye trela, likajazwa vipande vya kuni na kuwashwa kwa hewa kidogo. Moshi uliotoka ulichujwa, ukapozwa, kisha ukaingizwa kwenye injini mahali pa petroli. Makumi ya maelfu ya magari yalibadilishwa namna hiyo, kuanzia mabasi na malori hadi teksi za Stockholm. Injini ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu, dereva alilazimika kuchochea moto dakika kadhaa kabla ya safari, na chujio lililoziba lilimsimamisha njiani. Sumu ilikuwa ndani ya gesi yenyewe, kwa kuwa kinachoendesha injini hapo ni kaboni monoksaidi, na gereji iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi iligeuka mtego wa kifo. Kizazi kizima cha madereva kilipita katika shule hiyo.

Mashambani pengo lilikuwa trekta. Wakulima walichukua gari kuukuu, mara nyingi la Kimarekani, wakakata sehemu yote ya nyuma na kuweka bodi fupi ya mizigo. Kisha wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa kwetu atalifurahia: walifunga giaboksi mbili, moja nyuma ya nyingine. Mwendo unaopunguzwa na ya kwanza hupunguzwa tena na ya pili, na gari dogo likapata nguvu ya kuvuta jembe. Mwaka 1940 serikali iliyawekea kanuni badala ya kuyapiga marufuku. Watu waliyaita EPA, kwa jina la maduka ya bei rahisi ya wakati huo. Vita viliisha, matrekta halisi yakapatikana, lakini EPA hazikufa, kwa sababu vijana waligundua kwamba sheria inaruhusu trekta kuendeshwa na mtu ambaye hajafikisha umri wa leseni ya gari. Mwendo halali ni kilomita 30 kwa saa. Kwa wengi, kukata gari la babu na kulifanya EPA ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya ufundi maishani.

Septemba 1944, vita ikiwa bado inaendelea, Volvo ilionyesha PV444 katika ukumbi wa tenisi jijini Stockholm. Bei ilikuwa kronor 4,800, sawa na ya gari la 1927, na watu walifurika kuliona na kuliagiza, ingawa uzalishaji wenyewe haukuanza hadi 1947. Wakati huohuo jiji lilikuwa tayari limezoea chuma cha Kimarekani. Tangu 1928 kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari pale Hammarby, kusini mwa Stockholm, na Chevrolet lilikuwa gari la kila siku la wafanyabiashara na madereva wa teksi. Miaka ya 1950 magari hayo yalipochakaa na kushuka bei, vijana wa tabaka la wafanyakazi waliyanunua kwa kuchangishana. Hao ndio raggare. Jioni walizunguka Kungsgatan na Sveavägen taratibu, madirisha wazi, redio juu, na magazeti yakaandika kana kwamba jiji limevamiwa. Mwaka 1959 ilitoka hata filamu iliyobeba jina lao.

Kelele hizo zilifunika jambo moja, kwamba vijana wale hawakuwa na fedha za kulipa gereji. Waliokota spea kwenye makaburi ya magari, wakafundishana kutengeneza kabureta na kubadilisha klachi uani. Miaka ya 1970 waliokuwa vijana walikuwa na kazi na mishahara, wakaanza kuyaagiza magari ya zamani kutoka Marekani kwenyewe, mengine yakiwa yameachwa mashambani yaoze. Mkutano wa Power Big Meet ulioanza Västerås mwaka 1978, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Stockholm, ulikua hadi kuhesabiwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa ya magari ya Kimarekani duniani. Leo Mmarekani anayetaka kuona Buick au Cadillac za miaka ya 1950 zikiwa barabarani kwa wingi anashauriwa apande ndege aende Uswidi wakati wa kiangazi.

Dola ya Uswidi ni dola ya utaratibu, na haikuweza kuiacha gereji ya nyumbani peke yake. Mwaka 1963 lilianzishwa shirika la ukaguzi wa magari, na kuanzia 1965 kila gari lenye umri fulani lilitakiwa kupita mbele ya mkaguzi. Kisha ikaja tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima ilipohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Ajabu ni kwamba magari mengi ya Uswidi yalikuwa na usukani kushoto tangu zamani, kwa hiyo kilichosumbua zaidi kilikuwa taa za mbele, ambazo zilielekeza mwanga upande usiofaa na ikabidi zibadilishwe, na milango ya mabasi. Mabasi mengine yalitobolewa milango upya. Mengine yaliuzwa kwa nchi zilizobaki kushoto, zikiwemo Pakistani na Kenya.

Gari lililotoka Uswidi lilikuwa limeshajijengea jina Kenya kabla ya mabasi hayo. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544, umbo la baadaye la lile PV la ukumbi wa tenisi. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limetumika, na Joginder, fundi kwa malezi na kwa mikono, ndiye aliyelijua kila nati yake. Naliheshimu tukio hili kuliko ushindi wowote wa timu za viwanda zilizokuja na malori ya spea. Zamu ya Waswidi ilikuja baadaye. Björn Waldegård alishinda Safari mara nne, na mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alishinda East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani tu, akiwa na Porsche 911 na mwanawe Mathias akimsomea njia.

Adui mkuu wa gari la Stockholm ni kutu. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji ya chumvi hupanda kila penye uwazi. Mtu akinunua Volvo Amazon, gari lililoundwa kati ya 1956 na 1970, hatazami rangi kwanza. Hupiga magoti akagongagonga kwa mpini wa bisibisi sehemu ya chini ya mlango, pale unapokanyaga ukiingia. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na mara nyingine bisibisi huzama. Kisha anapapasa ndani ya bawa la mbele, nyuma ya taa, ambapo matope ya miaka hamsini hujikusanya na kushika unyevu. Akiamua kulinunua, kazi ni kukata kilichooza kwa grenda hadi akutane na chuma cheupe, kukata kipande kipya kwa kufuata karatasi ya kipimo, na kukichomelea nukta kwa nukta, akiruka huku na huku ili bati lisipinde kwa joto. Mwisho ananyunyiza ndani ya mashimo mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwa mrija mrefu wenye tundu pembeni. Kupaka pati juu ya kutu ni dhambi inayogunduliwa baada ya msimu mmoja tu wa theluji.

Haya yote hufanyika wapi katika jiji la ghorofa? Wakazi wengi wa Stockholm hawana ua. Wengine hukodi banda la shamba nje ya jiji, wengine huenda kwenye karakana za kujihudumia ambako jeki kubwa ya kuinulia gari hukodishwa kwa saa. Vuli inapofika wenye magari ya zamani huyatoa kwenye usajili wa barabarani, kwa hiyo hayalipiwi bima ya barabarani hadi mwishoni mwa Aprili. Miezi hiyo ya giza ndiyo msimu wa injini kushushwa na breki kufunguliwa. Rangi husubiri, kwa maana haikauki sawasawa kwenye baridi.

Swali gumu lilikuwa la anayetaka zaidi ya kurejesha: kuweka injini kubwa, kushusha springi, au kuunda gari zima kwa mikono yake. Mkaguzi wa kawaida hakuwa na kipimo cha gari la namna hiyo. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwangu ndilo jambo bora zaidi katika historia hii yote. Sheria ikatambua magari yaliyoundwa au kubadilishwa na watu binafsi, na chama chao wenyewe, SFRO, kikapewa kazi ya kuyachunguza kabla ya ukaguzi wa serikali. Mjenzi hupeleka maelezo mapema, mchunguzi ambaye naye amewahi kulala chini ya gari kama lile hutazama uchomeleaji, stelingi na uwezo wa breki dhidi ya nguvu mpya ya injini, na husema wazi nini kirudiwe. Nguvu ikiongezeka, breki lazima ziongezeke. Hakuna anayehitaji kujificha.

Kwetu tuna mafundi wa kiwango hicho. Barabara ya Kirinyaga Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na Katwe Kampala wanafufua magari ambayo Ulaya yangepelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga chuma. Lakini sheria zetu huhesabu miaka tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi 15. Sababu za usalama na moshi nazielewa na sizidharau. Kinachonisikitisha ni kwamba hatuna mlango wa pili, wa mtu anayeweza kuonyesha kwamba chuma chake kizima na breki zake zinashika. Uswidi umri umegeuzwa sifa: gari likipita miaka 30 halitozwi kodi ya mwaka, na kuanzia Mei 2018 lililopita miaka 50 limesamehewa ukaguzi wa mara kwa mara, kwa kuwa inaaminika kwamba wenye magari hayo huyatunza vizuri.

Hata EPA bado zipo, sasa zikiitwa A-traktor. Mwaka 2020 kanuni zilibadilishwa na kuruhusu mwendo uzuiwe kwa vifaa vya kielektroniki, hivyo giaboksi mbili hazihitajiki tena, na idadi ya vijana wanaoziendesha ikapanda haraka. Ajali nazo zikaongezeka, na mwaka 2023 mikanda ya usalama ikawa lazima. Anayetaka kuendesha A-traktor anatakiwa kuwa na umri wa miaka 15. Wengi bado huanza na Volvo 240, gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1993, kabla hawajazaliwa.