Molly Moon

Molly Moon ni mhusika mkuu wa riwaya sita za watoto zilizotungwa na mwandishi wa Uingereza, Georgia Byng. Ya kwanza, Molly Moon's Incredible Book of Hypnotism, ilitoka mwaka 2002. Inamhusu msichana yatima anayejifunza hipnosi, ambayo katika riwaya hizi ni ufundi wa kuishika akili ya mtu hata akatenda lolote aagizwalo.

Molly analelewa katika nyumba ya yatima ya Hardwick House, kwenye mji wa kubuni wa Briersville. Aliokotwa mlangoni akiwa mchanga, ndani ya boksi la peremende, na jina lililochapwa kwenye boksi ndilo akapewa. Sura yake si ya kusifiwa, shuleni kila siku yuko matatani, na msimamizi wa nyumba, Miss Adderstone, hamwachi apumue. Kinachompoza ni mkate uliopakwa tomato sosi, pamoja na urafiki wa Rocky Scarlet, yatima mwenzake. Siku moja Rocky anachukuliwa na familia ya Kimarekani, wala yeye na Molly hawapati nafasi ya kuagana.

Uwezo wa Molly wa hipnosi haukutoka kwa jini wala kwenye pete ya ajabu, kama walivyozoea wasikilizaji wa hadithi zetu za kale. Ulitoka maktaba. Huko Molly anakikuta kitabu kikuukuu cha hipnosi, ambacho herufi ya kwanza ya jina lake imebanduka, kwa hiyo kimepangwa mahali si pake. Anajifungia chumbani na kufanya mazoezi. Wa kwanza kunaswa ni Petula, mbwa wa Miss Adderstone aliyedekezwa hadi akawa mkorofi; anayefuata ni Edna, mpishi wa makombo, ambaye ghafla anakolewa na mapishi ya Kiitalia. Sehemu hii ndiyo inayochekesha kuliko zote, na pia ndiyo inayomfanya mtoto anayesoma aamini kwamba hata yeye angeweza.

Baada ya kushinda shindano la vipaji kwa kuwalaghai watazamaji, Molly anapanda ndege kwenda New York na Petula wake. Kule anamnyang'anya mtoto nyota, Davina Nuttel, nafasi yake katika mchezo wa jukwaani. Anapata fedha, hoteli ya kifahari na vigelegele. Hapa Byng anaonyesha ukomavu: hamgeuzi shujaa wake kuwa malaika. Molly ni mwizi wa nafasi ya mwenzake, naye anajua kwamba wanaomshangilia hawampendi, wametiwa kupenda. Adhabu inamjia kupitia Simon Nockman, tapeli aliyekuwa akikiwinda kitabu hicho. Nockman anamteka Petula na kumlazimisha Molly aibe vito benki. Rocky anatokea tena, naye amejifunza kupumbaza watu kwa sauti peke yake. Wawili hao wanamgeuzia tapeli kibao na vito vinarudishwa.

Udhaifu wa riwaya uko kwa wahusika watu wazima. Wabaya ni wabaya mno, kana kwamba walichorwa kwa mkaa, na msomaji mkubwa atachoka nao mapema.

Vitabu vilivyofuata, vilivyotoka kati ya 2003 na 2012, vinamwongezea Molly nguvu moja baada ya nyingine: anasimamisha muda, anasafiri hadi India ya karne ya 19, anasoma mawazo, anaingia katika miili ya viumbe wengine. Inabainika pia kwamba Lucy Logan, mkutubi wa Briersville, ni mama yake mzazi, kwa hiyo uyatima wake unakoma huku mfululizo ukiendelea. Kadiri nguvu zinavyozidi, ndivyo hatari inavyopungua uzito, maana ni nani wa kumtisha mtoto anayeweza kusimamisha dunia?

Filamu iliyotokana na kitabu cha kwanza ilitoka mwaka 2015, ikiongozwa na Christopher N. Rowley. Raffey Cassidy aliigiza kama Molly, na Dominic Monaghan kama Nockman. Anayetaka kumjua Molly aanze na kitabu chenyewe cha 2002. Kati ya vyote sita, hakuna kinachokifikia.