Jeni zilizomfutia mama kesi

Katikati ya miaka ya 1970, daktari kijana wa Kimarekani, Susan Folstein, alikuwa akizunguka Uingereza kuwasaka mapacha. Aliwataka wa jinsia moja, na angalau mmoja wao awe na usonji. Kazi hiyo aliifanya chini ya Michael Rutter, bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto katika Institute of Psychiatry, London. Msako ulipoisha walikuwa wamepata jozi 21 tu: jozi 11 za yai moja, wenye urithi uleule, na jozi 10 za mayai mawili, ambao kwa urithi hawana tofauti na ndugu wengine wa tumbo moja. Maelezo ya kila mtoto yaliandikwa upya bila kutaja pacha wake wala aina ya upacha, ndipo wakaamua nani ana usonji na nani hana.

Katika jozi 4 kati ya zile 11 za yai moja, wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za mayai mawili, hakupatikana jozi hata moja ya namna hiyo. Walipoingiza na matatizo mengine ya lugha na ya kujifunza, wakapata jozi 9 kati ya 11 upande mmoja, na 1 kati ya 10 upande wa pili. Hayo yalichapishwa mwaka 1977. Kwa takwimu ni utafiti mwembamba kabisa, lakini sijui mwingine katika fani hii uliobeba mzigo mkubwa kama huo, kwa sababu wakati unatoka, mama wa mtoto mwenye usonji alikuwa bado kizimbani.

Shitaka lenyewe lilianza Baltimore. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins, alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliojitenga na watu, walioshikilia ratiba zao bila kubadilika, wengine wakikumbuka majina na tarehe kwa namna ya kushangaza. Mwishoni mwa makala yake Kanner aliandika waziwazi kwamba watoto hao walizaliwa hivyo. Ila pembeni aliongeza kwamba wazazi wao wengi walikuwa wasomi waliozama katika kazi zao, na kwamba wenye uchangamfu kwa watoto walikuwa wachache. Ni hilo la pembeni lililoshikwa. Kanner mwenyewe akalipalilia kwa miaka, na Marekani ikapata msemo wa kinamama wa jokofu.

Aliyeukomelea msumari ni Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya watoto wenye matatizo mjini Chicago, mtu ambaye hakuwa daktari wa tiba. Aliwahi kufungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, na katika kitabu chake cha 1967 aliwafananisha watoto wenye usonji na wafungwa wa kambi hizo. Kama mtoto ni mfungwa, msomaji aliachiwa amtambue mwenyewe mlinzi wa gereza. Watoto walitengwa na wazazi wao kwa jina la tiba, na kinamama wakalipia vikao vya kuchunguzwa nafsi ili ijulikane walikosea wapi.

Upinzani ulitoka kwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la wanamaji la Marekani huko San Diego, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, na alimjua vizuri mama wa mtoto huyo. Mwaka 1964 alitoa kitabu kilichopangua hoja za jokofu moja baada ya nyingine, na utangulizi wake aliuandika Kanner. Miaka mitano baadaye, mbele ya mkutano wa wazazi mjini Washington, Kanner alitamka kwamba anawaondolea hatia.

Lakini msamaha wa mzee mmoja si ushahidi. Wataalamu wengi wa urithi nao hawakuwa upande wa wazazi hao. Hoja yao ilikuwa kwamba ni takriban asilimia 2 tu ya ndugu wa watoto hao waliokuwa na usonji. Urithi gani huo? Rutter pia alikuwa na mashaka, mpaka alipoitazama hesabu hiyo upya. Mwaka 1966 Victor Lotter alikuwa amewahesabu watoto wa Middlesex, karibu na London, akakuta usonji kwa watoto kati ya 4 na 5 katika kila 10,000. Ukiweka asilimia 2 kando ya idadi hiyo, ndugu wa mtoto mwenye usonji alikuwa na uwezekano mara hamsini hivi kuliko mtoto wa jirani. Hapo ndipo wazo la mapacha lilipoanzia. Mwaka 1995 kundi la Rutter lilirudia kazi hiyo kwa mapacha wengi zaidi, na wale wa yai moja wakafika asilimia 60.

Basi usonji upo kwenye jeni. Zipi? Miaka ya 1990 karibu yote iliishia kwenye kutafuta jeni chache zenye nguvu ndani ya familia zenye watoto wawili au zaidi wenye usonji, na mavuno yakawa haba. (Kisha ikaja kelele ya mwaka 1998, makala ya watoto 12 iliyohusisha chanjo na usonji. Jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, baada ya kelele hiyo kula fedha na muda wa watafiti wengi.)

Mlango ulifunguka ubavuni. Mwaka 1954, mjini Vienna, daktari Andreas Rett aliona wasichana wawili wamepakatwa na mama zao kwenye chumba cha kusubiri, wote wakisugua mikono kana kwamba wananawa, kwa mwendo uleule. Aliwakusanya wengine na kuchapisha kwa Kijerumani mwaka 1966, na wachache wakamsoma. Mswidi Bengt Hagberg aliufikisha ugonjwa huo kwa ulimwengu mwaka 1983. Mwaka huohuo, huko Houston, Huda Zoghbi, daktari mzaliwa wa Beirut, alimwona msichana wake wa kwanza mwenye hali hiyo. Jeni aliisaka kwa miaka 16. Mwaka 1999 maabara yake iliitangaza: MECP2, iliyoko kwenye kromosomu ya X. Leo ugonjwa wa Rett hauhesabiwi tena ndani ya usonji, ila uliwafundisha watafiti jambo ambalo mbinu ile ya kusaka ndani ya familia isingeweza kuwaonyesha. Wasichana wengi wenye Rett hawakurithi kasoro hiyo kwa mama wala kwa baba. Ilizuka upya, katika yai au mbegu iliyowatengeneza.

Kwa usonji wenyewe, kesi iliyo wazi ilitoka Uswidi kupitia Paris. Thomas Bourgeron na wenzake wa Institut Pasteur, wakishirikiana na daktari Christopher Gillberg wa Göteborg, walichunguza familia mbili za Kiswidi, kila moja ikiwa na ndugu wawili wa kiume. Mwaka 2003 walitangaza kasoro katika jeni mbili, NLGN3 na NLGN4, zinazotengeneza protini za sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapopeana ujumbe na nyingine. Katika familia mojawapo herufi moja ya DNA ilikuwa imejipachika na kuivuruga jeni nzima. Mama wa vijana hao alikuwa nayo, bibi yao hakuwa nayo. Ilizuka kwa mama. Linalonivutia zaidi ni kwamba katika kila familia ndugu mmoja alikuwa na usonji kamili, wa pili alikuwa na kile kilichoitwa Asperger, sura nyepesi ya usonji. Kasoro ni ileile, nyumba ni ileile, watoto ni tofauti. Anayeahidi kumsoma mtoto mzima kwenye karatasi ya maabara aanze na familia hizo mbili.

Kuanzia hapo mwendo ulikuwa wa mashine za kuchunguza DNA. Mwaka 2007 Jonathan Sebat na Michael Wigler wa Cold Spring Harbor, jimbo la New York, walitafuta vipande vya DNA vilivyofutika au kujirudia upya. Walivikuta kwa 12 kati ya watu 118 wenye usonji ambao nyumbani kwao ni wao peke yao waliokuwa nao, na kwa 2 tu kati ya 196 wasio nao. Mwaka 2012 makundi matatu, ya Yale, ya chuo kikuu cha Washington huko Seattle na ya Broad Institute, yalitoa kwa pamoja matokeo ya kusoma jeni za mtoto, mama na baba. Majina kama SCN2A na CHD8 yakaanza kujirudia. Watoto wenye kasoro ya CHD8, ilikuja kugundulika, mara nyingi wana vichwa vikubwa na wanasumbuliwa na kufunga choo.

Kundi la Seattle liliuliza swali moja zaidi: kasoro hizi mpya zinatoka upande gani? Kwa kila moja iliyotoka kwa mama, nne zilitoka kwa baba. Mwaka huohuo watafiti wa Iceland walionyesha sababu. Baba wa miaka 20 humpa mtoto mabadiliko mapya kama 25, wa miaka 40 kama 65, na mama kama 15. Seli zinazozaa mbegu za kiume hazipumziki; ni mnakili anayenakili msahafu uleule miaka nenda rudi, na herufi zinamponyoka. Mengi ya mabadiliko hayo hayana madhara yoyote. Hata hivyo, baada ya robo karne ya kumchunguza mama kwa darubini, sijaona aliyewahi kuandika kitabu kuhusu baba wa jokofu. Na kisiandikwe, maana kuponyoka kwa herufi si kosa la mtu.

Kufikia mwaka 2020, uchambuzi wa watu 35,584, wakiwamo 11,986 wenye usonji, ulikuwa umetaja jeni 102. Nyingi kati yake zinahusika pia na kifafa au ulemavu wa akili. Na bado watoto wengi wenye usonji hawana kasoro hata moja ya aina hiyo. Kwao uzito unatoka kwenye tofauti ndogondogo za kawaida, maelfu kwa maelfu, ambazo sote tunazo kwa viwango mbalimbali. Wapo pia watu wazima wenye usonji wasioufurahia msako wenyewe. Mwaka 2021 mradi wa Uingereza uliotaka DNA za watu 10,000 ulisimamishwa wiki chache tu baada ya kuzinduliwa, kwa sababu wao walihoji DNA hizo zitatumiwa na nani, na kwa lengo gani.

Afrika imeingia kwenye habari hii kwa kuchelewa. Lotter, yuleyule wa Middlesex, alipita miji tisa ya nchi sita, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akaripoti watoto 9 tu wenye usonji kati ya zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili aliowatazama. Wapo waliosoma namba hiyo wakadhani usonji ni ugonjwa wa Wazungu, bila kuuliza ni watoto wangapi waliobaki majumbani. Mwaka 2006 madaktari walieleza habari za watoto 20 wa Tanzania. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri, kisha usonji ukajitokeza walipopona malaria kali, kwa hiyo hapa kwetu jeni haziwezi kupewa kesi zote.

Na shitaka la zamani lina sura yake ya pwani. Joseph Gona na wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, wakachapisha mwaka 2015, walitajiwa pepo wabaya, uchawi na laana, pamoja na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Hukohuko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kinashirikiana na chuo kikuu cha Cape Town na Broad Institute katika mradi uitwao NeuroDev, unaosoma jeni za watoto wa Kenya na Afrika Kusini wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Sehemu kubwa ya DNA iliyotumika kutaja jeni zile 102 ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za DNA kuliko watu wa mabara mengine, na badiliko linaloonekana la ajabu Boston linaweza kuwa la kawaida kabisa Malindi. Bila kuwasoma watu wa huku, daktari anaweza kumbebesha mtoto kasoro isiyo kasoro.

Kwa familia, faida ya mapema iko kwenye swali ambalo kila mzazi analo hata asipolitamka: tukizaa mwingine? Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuatilia wadogo wa watoto wenye usonji, na karibu mmoja kati ya watano alipatikana nao pia. Lakini kasoro ikithibitika kuwa ilizuka upya kwa mtoto mmoja, uwezekano wa mdogo wake kuwa na kasoro hiyohiyo unashuka hadi asilimia chache, na mara nyingi chini ya hapo. Kulithibitisha hilo kwa damu ya mtoto peke yake haiwezekani. Inatakiwa na ya mama, na baba naye lazima aje kliniki.